Masika Waliponigawana

Jumatatu, 7 Aprili

Nimenunua daftari hili kwa sababu sina wa kumgombeza. Marehemu mume wangu alikuwa akinisikiliza huku akisoma gazeti, na hilo lilinitosha. Sasa gazeti halipo wala msomaji hayupo. Katika nyumba hii ya Kibokoni nimebaki mimi ghorofa ya juu, na mwanangu Kashif ghorofa ya kati, ambako hulala siku akipenda.

Fariha, mkewe, aliondoka kabla ya Ramadhani. Aliondoka na mjukuu wangu Areeba, mtoto wa miaka tisa, nilipokuwa Marikiti kununua ndimu za achari. Niliporudi, mlango wa kati ulikuwa umefungwa na viatu vya mtoto havipo ngazini. Miaka kumi na moja tumekula sinia moja, mimi na yule mwanamke. Homa zake nimeziuguza mimi. Alipojifungua, nilimkalia mimi arubaini nzima. Hakuniaga! Hata ujumbe wa simu hakuniandikia. Kwamba amepanga vyumba viwili Makupa nilisikia kwa muuza maziwa.

Leo Kashif alipanda juu kula. Mdomo umejaa wali, akaniambia kuwa Kadhi hakukata neno. Ametaka kwanza waende kwa msuluhishi, wazungumze mtoto akae kwa nani na kwa mpango gani. Itakuwa baada ya Idi ya kuchinja.

"Usiwe na wasiwasi, Mama," akasema. "Nishawaambia kuwa mtoto utamlea wewe."

Kisha akaomba achari.

Nilifurahi, sikatai. Tangu viatu vile viondoke ngazini, nyumba hii imekuwa kama kinywa kisicho na meno. Lakini aliposhuka, nilibaki na sahani mkononi nikijiuliza: mbona hakuniuliza? Nikajijibu kuwa mtoto hamuulizi mamake jambo kama hilo. Mwenye kustahili hasira zangu ni Fariha.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Paa la jikoni lavuja palepale.

Ijumaa, 11 Aprili

Mpaka siku ya usuluhishi, Areeba atakuwa akija kwetu kila Ijumaa hadi Jumapili. Kashif alimleta jioni, akambusu kichwani, akasema, "Nafika bandarini mara moja, naja sasa hivi." Kashif ni wakala wa kutoa mizigo Kilindini, na mizigo haina saa, hilo nalijua. Sasa hivi yake ilifika mtoto ashalala.

Areeba amerefuka. Aliniuliza kama nimemeza dawa ya presha. Nikaona, mashallah, mtoto ana huruma.

Jumapili, 13 Aprili

Mtoto amerudishwa Makupa. Aliyempeleka ni Athmani, rafiki yake Kashif. Kashif alikuwa na mtu wa kuonana naye.

Jumamosi, 19 Aprili

"Naja sasa hivi." Hayo ya jana. Hakuja mpaka leo adhuhuri.

Areeba aniuliza tena habari ya dawa.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimefundishwa kusema, mimi niliyewafundisha wengine kusema.

Athmani auza magari yaliyotumika. Ashaacha wake wawili, kwa hivyo Kashif amuona mtaalamu. Walikuja wote wawili mchana, mvua ikipiga madirisha, Athmani akaenda moja kwa moja akaketi kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa. Akasema yeye ndiye msuluhishi, tufanye mazoezi.

"Bi Fatema, nani humwamsha mtoto kwenda shule?"

"Mamake."

"La, la. Sema, 'Baba yake na mimi.'"

"Mwanangu huyu hajawahi kuamka kabla ya jua tangu nimzae."

Kashif akacheka huku akitazama simu.

"Haya. Nani humpeleka chuoni kusoma Kurani?"

"Mimi."

"Sema ni Kashif."

"Niseme Kashif, na miguu iliyokwenda ni yangu?"

"Ma, si uwongo huo," Athmani akasema kwa upole, kama asemaye na mgonjwa. "Ni kupanga maneno tu. Na ukiulizwa magoti, sema ni mazima. Wasije wakasema huwezi."

Hapo nikamtazama Kashif. Yeye ndiye aliyenipeleka kupigwa picha za magoti haya mwaka jana. Aliziona mwenyewe, nyeupe kwenye kioo cha daktari. Akaendelea kutelezesha kidole kwenye simu.

Miaka thelathini nilikuwa opereta wa simu bandarini. Nimeunganisha wakubwa na wadogo, na nimewasikia wengi wakipanga maneno kabla hawajayasema. Sikuwahi kuambiwa nipange yangu.

Mwishowe nilisema nitasema. Namtaka mjukuu wangu. Lakini walipoondoka nilikifuta kile kiti kwa kitambaa cha maji.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Mvua ilikatika jioni, tukaenda Lighthouse, kando ya bahari, na Mwende. Mwende nilikuwa naye kwenye ubao wa simu toka ujana wetu. Yeye ni Mkamba, mtu wa kanisani, na kwa maneno anishinda hata mimi. Jumatatu na Alhamisi huwa tunakaa pale ukutani, tunakula mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili, na kuwasema watu. Hizo ndizo siku zangu mbili za wiki.

Nilimweleza mpango wa Kashif.

"Na hizi siku zetu je?" akauliza. "Mtoto akirudi, mchana yuko na nani na wewe uko wapi?"

"Tutaona."

Akala mihogo yangu.

Ijumaa, 2 Mei

Mtoto amekuja. Baba "yuwaja sasa hivi".

Jumapili, 4 Mei

Hakuja. Athmani ndiye aliyemrudisha.

Jumatano, 7 Mei

Maji yamejaa barabarani mpaka vizingiti vya maduka. Sikutoka. Kashif alinipigia kunikumbusha yale majibu. Hakuniuliza kama nimepata mkate.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nitaandika yote.

Mvua ilianza alfajiri. Kashif alikuwa ameondoka toka jana, kaenda Kilifi na Athmani kutazama gari. Nikapika mbaazi na mahamri, kwa kuwa ndicho chakula akipendacho Areeba. Hakula. Alikuwa akilipasua hamri vipande vidogo vidogo na kuvipanga ukingoni mwa sahani.

"Wala hivyo siku hizi?"

"Dadi," akasema, jina aniitalo mimi bibi yake, bila kuinua kichwa, "nikikaa kwa Mama siku zote, utakufa?"

Nilidhani sikusikia vizuri, kwa mvua.

"Nini?"

"Baba amesema wewe mzee na moyo wako mbovu. Amesema nikiwaambia wale watu nataka kukaa kwa Mama, utakufa kwa upweke. Na itakuwa ni kwa sababu yangu."

Wallahi, kijiko nilikiweka mezani. Nilikaa nikaona mambo yote yakijipanga mbele yangu. Dawa anazoniuliza kila Ijumaa. Anavyohamia kitandani kwangu kabla ya alfajiri, nami nikidhani ni mapenzi. Anavyoniwekea mkono kifuani. Nilikuwa nikijisifu kwa Mwende, kwamba mjukuu wangu hapati usingizi bila mimi. Kumbe mtoto wa miaka tisa alikuwa akija kuona kama ningali napumua.

"Ndoo hapa," nikamwambia.

Akaja. Nikamshika kichwa, nikamlaza sikio kifuani pangu.

"Wasikia?"

"Nasikia."

"Moyo wapiga namna gani?"

"Kwa nguvu."

"Kwa sababu nimekasirika. Lakini sikukukasirikia wewe. Moyo huu umezaa, umezika, umefanya kazi na makelele ya bandari miaka thelathini. Hautasimama kwa kuwa wewe umehamia Makupa. Mimi nitakufa siku Mwenyezi Mungu akitaka, na siku hiyo hatakuuliza wewe wakaa wapi. Umefahamu?"

"Kweli?"

"Nilishakudanganya lini?"

Akafikiri. Huyu mtoto hufikiri kweli unapomuuliza jambo. "Uliniambia sindano haiumi."

"Isipokuwa ile ya sindano."

Akacheka kidogo, kisha akalia, kilio cha mtoto aliyebeba ndoo ya maji mbali na sasa ameitua. Nilimwacha alie. Baadaye akala mahamri yote yaliyokuwa mezani, hata vile vipande, na akalala kwenye kochi mchana kutwa huku mvua ikinyesha. Nami nilikaa karibu naye nikimngoja mwanangu kwa hasira ambayo sijapata kuwa nayo tangu nizaliwe.

Jumapili, 11 Mei

Kashif alikuja baada ya mtoto kurudishwa Makupa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, hakupata kuketi.

"Umemwambia mtoto kuwa nitakufa?"

Akageuka rangi. "Nilikuwa nambembeleza tu, Mama."

"Mtoto habembelezwi kwa jeneza!"

"Mamake amwambia yake, mimi nimwambie nini? Wataka nimpoteze?"

"Kashif, Ijumaa tano amekuja. Hebu nambie, apenda kula nini siku hizi? Rafiki yake shuleni ni nani? Jino lipi limeng'oka?"

Hakujua. Hata lile la jino, ambalo pengo lake laonekana mtoto akifungua mdomo tu.

"Nafanya kazi," akasema.

"Najua unafanya kazi. Sasa sikia. Yale maneno ya Athmani sitayasema. Hata moja."

"Basi usije kabisa."

"Nitakuja. Nyinyi ndio mlionitia humo, sikuomba mimi."

Alishuka ngazi kwa kishindo kama alivyokuwa akifanya alipokuwa darasa la sita.

Jumatatu, 12 Mei

Mwende alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Jumamosi, 17 Mei

Mtoto alikuja jana, baba hayupo. Lakini amelala usiku kucha kitandani kwake.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda kwa Fariha.

Yeye hufanya kazi katika duka la miwani, Digo Road, kazi ya kupima watu macho. Niliona kama nitakwenda kwake Makupa nitafungiwa mlango, lakini dukani hawezi kumfukuza mteja. Nikaingia na mwavuli wangu unaochuruzika, nikasema macho yangu yamepungua. Alinitazama kidogo. Amekonda. Kisha akasema, "Karibu, Ma," kama asemavyo na kila mtu, akanikalisha chumba cha ndani, akanivika ile fremu nzito ya kupimia, akaziba jicho langu la kushoto.

"Soma mstari wa pili."

"H. N. Kwa nini hukuniaga?"

"Wa tatu, Ma."

"Z. Miaka kumi na moja, Fariha. Nilirudi na ndimu nikakuta mlango umefungwa."

Akaweka chini vile vioo.

"Nilikuaga mara mbili," akasema. "Mwaka juzi nilikwambia siwezi tena kukaa na mtu asiyekuwepo. Ulituita, ukapika biriani. Mwaka jana nikakwambia tena. Ukapika biriani. Ningekwambia mara ya tatu ungepika, ningekula, na ningebaki."

Maneno yake yalikuwa kweli. Zile biriani nazikumbuka vizuri. Nilidhani zimefaulu.

Nikamweleza alichoambiwa mtoto. Alikaa kwenye kile kigoda chake cha magurudumu, mikono usoni. Alikuwa ameona mtoto haguswi na usingizi akidhani ni shule. Nikamshika bega. Tukakaa hivyo, na hasira yangu juu yake ikawa yashuka kama maji ya barabarani mfereji ukizibuliwa. Nikasema moyoni, haya, sasa tuko wawili.

Ndipo akajipangusa macho, akasema kwa furaha kabisa:

"Ndiyo maana nimemwambia msuluhishi mtoto akae kwangu, na akitoka shule umpokee wewe. Mimi natoka kazini saa kumi na mbili. Kila siku atakuwa kwako, Ma, Jumatatu hadi Ijumaa. Hamtaachana hata kidogo."

"Umemwambia nani?"

"Msuluhishi. Nimeshaupeleka mpango."

"Na mimi umeniambia lini?"

"Si nakwambia sasa?"

Alisema kama anipaye zawadi iliyofungwa kwa utepe. Nikasimama.

"Wewe pia!" nikasema. "Na wewe pia!"

Nikatoka. Nilikuwa nimefika nje, kwenye mvua, nikistaajabu kwa nini watu wa Digo Road wananikodolea macho na kwa nini dunia nzima imepinda upande mmoja, Fariha aliponikimbilia akiita, "Ma! Ma, fremu!" Nilikuwa nimetoka nayo usoni. Nikaivua, nikampa, na sikumwambia kwaheri. Tumelingana.

Alhamisi, 22 Mei

Sijalala vizuri kwa hasira. Mmoja anitaka niwe mama wa mtoto wake ili yeye aende Kilifi. Wa pili anitaka niwe mama wa mtoto wake ili yeye aende kazini. Wa pili ana sababu nzuri zaidi, lakini magoti ni yaleyale.

Jioni nilikwenda Lighthouse na Mwende. Upepo mkali, mihogo baridi. Sikukosa.

Jumapili, 1 Juni

Mvua. Baba hakuja.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Nimepata ugeni wa kunirairai.

Asubuhi Kashif aliniletea mguu mzima wa mbuzi, naye kavaa kanzu iliyopigwa pasi na dobi. Akanibusu mkono. Hakutaja chochote. Kabla hajaondoka akasema, "Mama, wewe ndiye tegemeo langu." Nilisema, "Idi njema."

Adhuhuri Areeba akaletwa na mamake, ambaye alibaki chini mlangoni. Mtoto kanipa leso mpya, doti nzima, nyekundu na nyeusi. Nikaifunua nikasoma maandishi yake: MAMA NDIYE NGUZO YA NYUMBA.

Nguzo! Nguzo haiulizwi. Nguzo hutwikwa paa, ikapigwa misumari, watu wakatundika juu yake mikoba na makoti yao, na siku ikitikisika ndipo watu hushtuka na kusema, kumbe ilikuwa yahisi.

Nimeichovya majini, rangi itoke kidogo. Leso nzuri, haina kosa.

Jumanne, 10 Juni

Manyunyu.

Jumanne, 17 Juni

Ndiyo leo.

Msuluhishi ni Mwalimu Abdulbasit, mwalimu wa sekondari aliyestaafu, mtu mpole mwenye sauti iliyokwama. Chumba chake kiko juu ya duka la vitambaa karibu na Makadara. Palikuwa na meza ndefu, Kashif upande huu, Fariha upande ule, yeye katikati. Mimi nikawekewa kiti kando ya mlango, kama mwavuli.

Mwalimu akasoma dua, kisha akasema hapa hapana kesi wala hakimu, pana mtoto tu. Akawaacha waseme. Walisema! Fariha alisema kuhusu mume asiyekuwepo, Kashif akasema kuhusu mke asiyeshukuru. Fariha alisema kuhusu siku mtoto alipokuwa na malaria na simu ya baba imezimwa. Kashif akasema alikuwa melini. Fariha akauliza ni meli gani ipigwayo muziki, maana aliusikia simu ilipowashwa. Mwalimu alikuwa akiinua mkono mara kwa mara, kama azuiaye magari.

Mwishowe akasema, "Tuache ya jana. Tuanze na jambo dogo. Mtoto akitoka shule mchana, nani humpokea?"

"Mama," akasema Kashif.

"Ma," akasema Fariha.

Kwa pamoja! Mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Alhamdulillahi. Hapa mmeafikiana." Akainamisha kalamu aandike.

"Hawajaafikiana," nikasema.

Wote wakageuka. Nadhani walikuwa wamesahau kuwa kiti kile kina mtu. Nikasimama, nikakivuta mpaka mezani. Kilikuwa cha chuma, kikapiga kelele sakafuni njia nzima, na sikukiinua.

"Mwalimu, samahani. Hawa wawili hawajasikilizana juu ya kitu chochote tangu kabla ya Ramadhani isipokuwa mimi. Na mimi sijaulizwa. Huyu ameniahidi, na huyu ameniahidi. Kila mmoja aja hapa kudai mtoto kwa mikono yangu. Ukiniondoa mimi katika mpango wa Kashif, hamna baba ndani yake. Ukiniondoa katika mpango wa Fariha, mtoto yuko peke yake mpaka magharibi."

"Mama," Kashif akasema kwa sauti ya chini, "wanigeuka mbele ya watu?"

"Nimekugeukia, mwanangu. Miaka yote nilikuwa nimekupa mgongo, napika."

"Nina kazi!"

"Una kazi. Fariha ana kazi. Mimi nilikuwa na kazi, nikaimaliza, na wewe nikakulea nikiwa nayo."

Fariha alikuwa akilia. Akasema, "Ma, nilidhani utafurahi."

"Ningefurahi ungeniuliza. Pengine ningekubali yote. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi!"

Mwalimu akaweka kalamu. Akanywa maji. Kisha akanigeukia, akaniuliza, "Bi Fatema, wewe wataka nini?"

Nilikuja na hasira ya kujaza chumba, lakini jibu la swali lile sikuwa nalo. Tangu marehemu aondoke hakuna aliyeniuliza. Nilitazama meza. Katika duka la chini palikuwa na mtu akipasua kitambaa, twasikia kila mpasuo.

"Jumatano," nikasema mwishowe. "Jumatano Areeba atakuja kwangu akitoka shule. Kwa sababu nampenda na nataka kumuona, si kwa kuwa pana mwanya umebaki. Jumatano ni zawadi, si zamu. Siku nyingine mpangiane nyinyi mliomzaa. Na jambo la pili: mtoto asiambiwe tena habari ya kufa kwangu."

Mwalimu akauliza maana yake. Nikamtazama Kashif. Alikuwa akichokoa kucha zake. Ningeweza kusema mimi, na kusema kweli nilitamani, mbele ya watu wote. Nikangoja.

"Nilimwambia akichagua kwa mamake, Dadi atakufa," akasema Kashif.

Lilikuwa neno la kwanza la kweli alilosema pale ndani, na lilimtoka kama mwiba.

Baada ya hapo kazi ilikwenda, polepole, kwa ubishi. Mtoto atakaa kwa mamake Makupa. Fariha atamwomba tajiri wake aingie mapema Jumatatu na Alhamisi ili atoke mapema. Kashif atampokea shuleni Jumanne na Ijumaa, na Ijumaa hiyo atakaa naye mpaka Jumapili, yeye mwenyewe, si mamake wala rafiki yake. Asipokuwepo, mtoto arudi kwa mama siku hiyohiyo. Jumatano ni yangu.

Tulipotoka, mvua ilikuwa imeacha. Kashif alipita upande wa pili wa barabara.

Jumatano, 18 Juni

Kashif hasemi nami. Chakula nilichompelekea kimekaa mlangoni kwake mpaka paka akakiona.

Areeba amekuja. Tumekaa dirishani tukila maembe mabichi. Amenieleza habari za rafiki yake Beverly, ambaye ana sungura. Sijui nilizikosa vipi habari hizi zote.

Ijumaa, 20 Juni

Kashif alimpigia Fariha simu kusema kazi imembana. Mtoto amebaki Makupa. Nilitaka kushuka nimseme. Sikushuka, kwa kuwa ningemsemea nini? Makubaliano yamefanya kazi yake.

Jumapili, 22 Juni

Kashif amepanda juu. Alisimama mlangoni, kama mgeni. Nikamwambia aketi, hakuketi.

"Ijumaa haikuwa kazi," akasema.

"Najua."

"Jumanne ijayo nitampokea shuleni. Na Ijumaa pia. Mama, sijui kumchana nywele. Sijui nimwambie nini. Tukiwa wawili tu, yeye akaa kimya, nami nakaa kimya, kisha natafuta pa kwenda. Nimemzaa mwenyewe na namuogopa."

Bado nilikuwa nimekasirika. Bado nimekasirika hata sasa ninapoandika. Lakini alikuwa na uso ule wa utotoni, siku alipovunja birika la babake akalileta vipande vipande mkononi.

"Basi umwambie hivyo," nikasema.

"Nimwambie namuogopa?"

"Mwambie hujui. Atakufundisha. Yeye apenda sana kufundisha."

Akaitikia kwa kichwa. Alipokuwa akishuka, hakupiga kishindo.

Ijumaa, 27 Juni

Kashif amemleta mwenyewe. Wameingia mlango wa kati, wakaufunga. Nimesikia televisheni. Sikubisha hodi.

Jumamosi, 28 Juni

Upepo wa kusi wavuma, nguo zakauka kabla ya adhuhuri. Asubuhi hii nilikuwa nimekaa na chai yangu nikasikia sufuria ikianguka ghorofa ya kati. Kisha harufu ya kuungua. Kisha sauti ya Areeba, juu kabisa:

"Baba, geuza! Geuza!"

"Nageuza na nini?"

"Na mkono! Dadi hugeuza na mkono!"

"Mimi si Dadi!"

Halafu mtoto akaanza kucheka, na baada yake, kwa uzito, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa, nikamsikia Kashif naye akicheka. Nikajikuta nimesimama, leso nishajifunga kiunoni, mkono kwenye kitasa. Chapati haitaki moto mwingi, hilo mtu huambiwa mara moja tu na huelewa. Ningeshuka mara moja nikamwambia, nikapanda.

Moshi umeanza kuingia dirishani kwangu. Areeba amesema, "Hii ya kwanza tutampa paka." Baba amesema, "Na ya pili."

Nimerudi nimeketi. Zaungua bado. Sishuki.